Madai yenye kikomo na madai yasiyo na kikomo: siasa za Wajerumani wa Chekoslovakia, 1918–1938

Katika uchaguzi wa Chekoslovakia wa mwaka 1929, kwa kila kura nne zilizopigiwa vyama vya Kijerumani, tatu zilikwenda kwa vyama vilivyokuwa vimeshaingia serikalini au vilivyokuwa tayari kuingia. Mei 1935 theluthi mbili ya kura za Wajerumani hao ziliangukia chama ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miaka miwili tangu kuzaliwa. Na katika chaguzi za serikali za mitaa za Mei na Juni 1938, chama hichohicho kilizoa takriban 90% ya kura za Wajerumani.

Watu wengi hueleza mgeuko huu kwa mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza husema Wajerumani hao walikuwa watu wa Hitler tangu mwanzo, wakisubiri saa yao tu. Wa pili husema Prague, yaani serikali ya Chekoslovakia, iliwakandamiza mpaka wakakosa pa kwenda. Maelezo yote mawili yanaruka miaka kumi na miwili ya mawaziri wa Kijerumani waliokaa katika baraza la mawaziri la Chekoslovakia, kuanzia 1926 hadi 1938. Ukiiruka miaka hiyo, 1938 haieleweki.

Ni Wajerumani gani hasa

Tuanze na jina, maana linapotosha. "Wajerumani wa Sudeten" ni jina lililoenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza tu. Sudeten ni safu ya milima ya kaskazini-mashariki, ilhali wengi wa waliopachikwa jina hilo waliishi mbali nayo: kwenye bonde la Cheb upande wa magharibi, katika misitu ya kusini mwa Bohemia, au kusini mwa Moravia wanakolima mizabibu. Wala hawakuwahi kuwa raia wa Ujerumani. Mpaka Oktoba 1918 walikuwa raia wa milki ya Austria, na mji mkuu wao ulikuwa Vienna.

Sensa ya 1921 ilihesabu Wajerumani wapatao 3,120,000, yaani 23.4% ya raia. Ile ya 1930 ilihesabu 3,230,000, yaani 22.3%. Hawa walikuwa wengi kuliko Waslovakia, nao Waslovakia walikuwa mmoja wa watu wawili wenye jina la nchi. Hapa ndipo penye fundo la kwanza. Katiba na sheria zilizungumza juu ya taifa la "Chekoslovakia" na lugha ya "Kichekoslovakia", lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mtoto kwayo. Kwa kuwahesabu Wacheki na Waslovakia pamoja, taifa tawala lilipata karibu theluthi mbili ya raia. Kama wangehesabiwa mbalimbali, Wacheki peke yao wangekuwa nusu tu ya nchi. Hivyo kila Mjerumani aliyedai nchi iwe ya mataifa mengi alikuwa, apende asipende, anagusa pia swali la Waslovakia.

Kususia, 1918–1926

Jamhuri ilitangazwa Prague tarehe 28 Oktoba 1918. Kesho yake wabunge wa Kijerumani wa Bohemia walitangaza jimbo la Deutschböhmen, makao yake Liberec, likiwa sehemu ya Austria mpya. Majimbo mengine matatu yalifuata. Hayakupakana yote, hayakuwa na jeshi la maana, wala hayakuwa na makaa ya mawe na chakula vya kutosha kustahimili baridi bila Prague. Kufikia mwisho wa Desemba askari wa Chekoslovakia walikuwa wameyatwaa karibu bila vita. Damu ilimwagika baadaye: tarehe 4 Machi 1919, siku bunge la Austria lilipofunguliwa bila wao, maandamano yalifanyika katika miji yao na askari wakafyatua risasi. Watu 54 walikufa, zaidi ya 20 kati yao katika mji mdogo wa Kadaň. Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919 ulifunga suala la mpaka.

Katiba ya Februari 1920 iliandikwa na bunge la mpito ambalo halikuwa na Mjerumani hata mmoja. Sehemu ya kosa ilikuwa yao, kwani viongozi wao walikataa kuitambua nchi. Sehemu ilikuwa ya Prague, ambayo haikuona haraka ya kuwangoja. Sheria ya lugha ilipitishwa siku ileile na katiba, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndiyo iliyogusa maisha ya kila siku.

Kipimo kilikuwa wilaya ya mahakama. Palipo na angalau 20% ya raia wa lugha fulani ya wachache, raia huyo aliweza kufungua kesi, kuandika barua na kujibiwa na ofisi za serikali kwa lugha yake. Penye 19.9% haki hiyo haikuwepo. Kwa hiyo sensa ilikuwa jambo la siasa kali: familia chache zikihama, au karani akiandika vingine, ofisi nzima ilibadilika lugha. Zaidi ya hayo, kanuni za utekelezaji wa sheria hiyo hazikutoka mpaka Februari 1926, miaka sita baadaye. Katika pengo hilo kila mkuu wa ofisi alijitafsiria. Watumishi wa umma wa Kijerumani walitakiwa kufaulu mtihani wa lugha ya serikali, na waliofeli walipoteza kazi. Shule, kwa upande mwingine, hazikuwa mbaya: Wajerumani walikuwa na chuo kikuu chao Prague, vyuo vya ufundi viwili, Prague na Brno, na shule za msingi zilizokaribia uwiano wa idadi yao. Kilichowaudhi ni shule za Kicheki zilizofunguliwa vijijini mwao kwa ajili ya watoto wa askari polisi, wafanyakazi wa reli na makarani waliohamishiwa huko.

Mageuzi ya ardhi ya 1919 yaliweka ukomo wa hekta 150 za shamba, au hekta 250 za ardhi ya aina zote, kwa mmiliki mmoja. Wamiliki wakubwa wengi walikuwa mabwanyenye wa Kijerumani, na ardhi iliyokatwa katika wilaya za Kijerumani mara nyingi iligawiwa walowezi wa Kicheki. Mkulima mdogo wa Kijerumani hakupoteza kitu, ila aliona hapati.

Uchaguzi wa Aprili 1920 uliwapa Wajerumani wabunge 72 kati ya 281. Kundi kubwa, lenye viti 31, lilikuwa la Wasosholisti wa Kidemokrasia. Wabunge hao 72 walitoa matamko na kupiga kura za hapana. Hazikusaidia kitu, kwa sababu maamuzi hayakufanyika bungeni. Viongozi wa vyama vitano vya Kicheki walikutana faraghani katika kikundi kilichoitwa Pětka, yaani "Watano", wakapatana kuhusu sheria, bajeti na vyeo, kisha bunge likagonga muhuri. Orodha za wagombea zilikuwa zimefungwa na kura ilikuwa ya lazima, basi kiongozi wa chama aliwashika wabunge wake shingoni. Katika mfumo wa namna hiyo, chama kisichokuwa mezani hakina kitu hata kikiwa na viti 72.

Mlango wa 1926

Kilichowaingiza serikalini hakikuwa upendo wa taifa wala tangazo la haki. Ilikuwa bei ya nafaka na mishahara ya mapadri.

Mwaka 1926 chama kikuu cha wakulima wa Kicheki, chini ya Antonín Švehla, kilitaka ushuru wa forodha ulinde nafaka ya ndani. Chama cha Kikatoliki kilitaka serikali iboreshe malipo ya makasisi. Wasosholisti wa Kicheki waliokuwa washirika wao walikataa, kwani mfanyakazi wa mjini alitaka mkate wa bei nafuu. Juni 1926 chama cha wakulima wa Kijerumani, Bund der Landwirte, na cha Wakristo wa Kijamii wa Kijerumani vikapiga kura pamoja na wenzao wa Kicheki, ushuru kwa mishahara, nipe nikupe. Tabaka lilishinda taifa. Oktoba mwaka huohuo Franz Spina akawa waziri wa kazi za umma na Robert Mayr-Harting waziri wa sheria. Spina alikuwa profesa wa lugha na fasihi ya Kicheki katika chuo kikuu cha Kijerumani cha Prague, na aliamini kwamba watu walioishi pamoja miaka elfu wangeweza kuendelea kuishi pamoja. Mwaka 1929 Wasosholisti wa Kijerumani nao wakaingia, na Ludwig Czech, wakili kutoka Brno, akapewa wizara ya ustawi wa jamii.

Siasa hii iliitwa "uanaharakati" (wafuasi wake hapa tunawaita washiriki), na waliobaki nje waliitwa "wakanushaji". Wakanushaji wa wakati huo walikuwa vyama viwili: chama cha kitaifa cha mabepari, na DNSAP, chama cha wafanyakazi wa kizalendo kilichotokana na enzi za Austria na ambacho ni kikongwe kuliko chama cha Hitler. Mwaka 1929 vyote viwili vilipata viti 15 tu kwa pamoja, mbele ya viti 51 vya washiriki.

Je, washiriki walikosea wapi? Waliingia bila mkataba wa maandishi juu ya masuala ya taifa. Hakukuwa na ahadi ya idadi ya watumishi wa umma, wala ya kandarasi, wala ya marekebisho ya kanuni za lugha. Spina na wenzake walitegemea kwamba imani ingejijenga kwa kazi, na kwamba siku moja upande wa pili ungelipa deni. Mfano wa hasara yake ni mageuzi ya utawala ya 1927. Jimbo la Silesia, ambako Wajerumani walikuwa takriban 40%, liliunganishwa na Moravia, na katika jimbo jipya wakashuka chini ya robo. Theluthi ya wajumbe wa mabaraza ya majimbo wakawa wa kuteuliwa na serikali. Mawaziri wa Kijerumani walikuwa ndani ya serikali iliyopitisha hayo. Nyumbani waliulizwa walikuwa wanafanya nini, na jibu lao kuhusu ushuru wa nafaka lilimridhisha mwenye shamba tu.

Geneva: safari ya ombi

Njia nyingine ilikuwa Shirikisho la Mataifa. Siku Austria iliposaini mkataba wa Saint-Germain, Chekoslovakia nayo ilisaini mkataba wa kulinda wachache. Wasomaji wengi hudhani huo ulikuwa mlango wa mahakama ya kimataifa. Haukuwa hivyo, na taratibu zake zinaonyesha kwa nini Wajerumani waliukatia tamaa mapema.

Ombi liliweza kuandikwa na mtu yeyote au chama chochote na kutumwa moja kwa moja kwa sekretarieti. (Wenyeji wa Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirikisho hilohilo, hawakuwa na njia hiyo: ombi lao lilipaswa kupitia serikali ya Waingereza waliyokuwa wakiilalamikia.) Likifika Geneva, lilipimwa kwa masharti matano yaliyowekwa Septemba 1923. Lihusu ulinzi wa wachache kama mikataba inavyosema. Lisidai kutenganishwa kwa jamii hiyo na nchi yake. Lisitoke kwa mtu asiyejulikana. Lisiwe na lugha kali. Lilete habari ambazo hazijawa katika ombi la karibuni. Sharti la pili na la nne yaliangusha maombi mengi, maana mwanasiasa aliyemwandikia Geneva alikuwa pia anawaandikia wapiga kura wake, na wapiga kura hupenda ukali.

Ombi lililopita lilipelekwa kwa serikali iliyoshtakiwa. Serikali ilikuwa na wiki tatu za kusema kama itajibu, na miezi miwili ya kujibu. Kisha kamati ya watu watatu, rais wa Baraza la Shirikisho na wajumbe wawili, ililipitia faraghani. Mara nyingi kamati ilimalizana na serikali kwa barua na mazungumzo ya chini kwa chini. Mlalamikaji hakuwa mhusika wa kesi: hakuitwa, hakuoneshwa majibu ya serikali, hakujua shauri limeishaje. Ni mjumbe wa Baraza pekee aliyeweza kulipeleka suala mbele ya Baraza zima. Waziri Gustav Stresemann wa Ujerumani, iliyojiunga mwaka 1926, alipigania mabadiliko, na mwezi Desemba 1928 huko Lugano aligombana hadharani na waziri wa Poland, August Zaleski, juu ya Wajerumani wa Silesia ya Juu. Mkutano wa Madrid wa Juni 1929 ulileta nafuu ndogo: mlalamikaji aarifiwe ombi lake likikataliwa, kamati iweze kuwa ya watu watano, na matokeo yaweze kuchapishwa iwapo serikali husika itaridhia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoua mengi.

Pale mfumo ulipokuwa na meno, ulifanya kazi. Silesia ya Juu, iliyogawanywa kati ya Ujerumani na Poland, ilikuwa na mkataba wake wa Mei 1922, wa miaka 15, wenye tume ya mseto chini ya Mswisi Felix Calonder na haki ya mtu binafsi kufika Geneva. Matokeo yake ya ajabu zaidi hayakuwahusu Wajerumani walio wachache bali Wayahudi wa upande wa Ujerumani: Mei 1933 mfanyakazi Myahudi aliyefukuzwa kazi Gleiwitz, Franz Bernheim, alipeleka ombi, na serikali ya Hitler ikalazimika kusimamisha sheria zake dhidi ya Wayahudi katika eneo hilo mpaka mkataba ulipokwisha Julai 1937. Estonia nayo ilionyesha njia nyingine. Sheria yake ya 1925 iliruhusu jamii ya watu wasiopungua 3,000 kujiandikisha, kuchagua baraza lake la utamaduni, kutoza kodi wanachama wake na kuendesha shule zake, bila kujali wanaishi wapi. Wajerumani walioshughulika na sheria hiyo waliipigia debe kote Ulaya. Kwa Prague haikufaa: mpango ulioundwa kwa watu elfu chache waliotawanyika mijini ni kitu kingine kabisa ukipewa watu milioni tatu walioishi kwa mfululizo mpakani.

Wiki za mkate

Viwanda vya Wajerumani vilikuwa vya kuuza nje: vioo na vito bandia vya Jablonec, nguo za Liberec, kauri za eneo la Karlovy Vary, ala za muziki na wanasesere wa milima ya Krušné hory. Vilikuwa viwanda vidogo vyenye madeni, vinavyotegemea wanunuzi wa Ujerumani, Uingereza na Marekani. Baada ya 1929 wanunuzi hao walifunga milango kwa ushuru na vizuizi vya fedha za kigeni. Viwanda vya Kicheki vya ndani ya nchi, vya vyakula, mashine na silaha, vilikuwa na soko la nyumbani na zabuni za serikali. Mdororo ukawa na sura mbili kwenye nchi moja, na sura hizo zikalingana karibu kabisa na ramani ya lugha.

Februari 1933 waliojiandikisha kutafuta kazi nchini kote walizidi 900,000. Msaada wa wasio na kazi ulipitia vyama vya wafanyakazi: chama kililipa posho na serikali ikaongeza juu yake. Asiyekuwa mwanachama hakupata, na mwanachama alipata kwa wiki zilizohesabika. Zilipokwisha, ilibaki kadi ya chakula: koruna 10 kwa wiki kwa asiye na familia, 20 kwa mwenye familia. Waziri wa ustawi aliyezitoa alikuwa Ludwig Czech, na watu wakaziita kwa jina lake, "kadi za Czech". Ubaya wa bahati haukuishia hapo, kwani jina lenyewe lilisikika kama "kadi za Kicheki". Waziri Mjerumani, tena msosholisti mwenye asili ya Kiyahudi, akawa uso wa njaa ya Wajerumani. Hakuna propaganda ambayo ingemchora hivyo kwa ufanisi zaidi.

Mwalimu wa mazoezi

Kesi ya wanamgambo wa DNSAP, Brno mwaka 1932, iliwatia viongozi wake mashakani, na msimu wa vuli wa 1933 chama kilijivunja kabla ya kufutwa. Pengo lilijazwa upesi. Tarehe 1 Oktoba 1933 Konrad Henlein, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Aš, alitangaza "mbele ya kizalendo" ya Wajerumani wote. Jumuiya yake ya mazoezi ya viungo ilikuwa na matawi karibu kila kijiji, mabendera, ukumbi na vijana waliozoea kusimama mstari. Hicho ndicho kilichokuwa chombo cha chama tangu siku ya kwanza. Vyama vingine vilikuwa na magazeti na mikutano, yeye alikuwa na safu.

Watu aliowakusanya hawakuwa na mawazo mamoja. Washauri wake wa karibu walitoka kwenye kikundi cha Wakatoliki wengi waliotaka nchi ya vikundi vya kitaaluma, si ya vyama. Waliojiunga kutoka DNSAP walitaka Ujerumani. Vikundi hivyo viligombana kwa miaka, na Henlein alizungumza kwa lugha mbili: kwenye mkutano wa hadhara wa Česká Lípa, Oktoba 1934, aliahidi utii kwa jamhuri na kuheshimu haki za mtu binafsi. Wakati huohuo fedha kutoka Berlin zilikuwa zinaanza kufika kwa siri, hasa kupitia jumuiya ya kuwasaidia Wajerumani wa ng'ambo. Msaada wa Berlin kwa jamii za Wajerumani haukuanza na Hitler. Serikali za kabla yake zilikuwa zimegharimia mikopo na magazeti, hasa kwa Wajerumani wa Poland, ili wasihame. Tofauti ni kwamba fedha za zamani zilinunua uvumilivu na za sasa zilinunua utii.

Prague ilijadili kukipiga marufuku chama hicho kabla ya uchaguzi. Rais Masaryk alikataa, na baadhi ya viongozi wa wakulima wa Kicheki waliona kingeweza kuwa mshirika mwema wa mrengo wa kulia. Kililazimishwa tu kujiita chama, na Aprili 1935 kikawa Sudetendeutsche Partei (Chama cha Wajerumani wa Sudeten), SdP. Mwezi uliofuata kilipata kura karibu 1,250,000, nyingi kuliko chama chochote nchini, ingawa hesabu za majimbo ya uchaguzi ziliwapa wakulima wa Kicheki viti 45 na SdP 44. Vyama vitatu vya washiriki vilibaki na viti 22.

Washiriki vijana walijaribu tena. Wenzel Jaksch wa Wasosholisti, Hans Schütz wa Wakristo na Gustav Hacker wa wakulima walidai safari hii kilichokosekana 1926: namba. Tarehe 18 Februari 1937 serikali ilikubali kwamba kandarasi za serikali katika wilaya za Kijerumani zitolewe kwa kampuni na wafanyakazi wa hapohapo, kwamba ajira za utumishi wa umma zikaribie uwiano wa idadi ya watu, na kwamba misaada ya jamii igawiwe kwa kufuata ukosefu wa kazi. Madai hayo yalikuwa na kikomo. Mtu angeweza kuyahesabu na kusema yametimia au hayajatimia. Yalikwama pale ambapo makubaliano ya namna hiyo hukwama, kwenye meza za wakuu wa idara walioogopa kumweka Mjerumani kwenye reli, posta au simu karibu na mpaka wakati ngome zinajengwa. Sheria ya ulinzi wa nchi ya 1936 ilikuwa imeshawapa mamlaka ya kuitangaza kampuni ya mpakani kuwa haiaminiki. Uwiano wa ajira hupanda polepole, mwaka hadi mwaka. Hitler hakuwapa miaka.

1938

Novemba 1937 Henlein alimwandikia Hitler kwamba chama chake kilitaka ardhi yote ya Bohemia, Moravia na Silesia ya Kicheki iingie Ujerumani. Machi 1938 Ujerumani iliimeza Austria, na katika wiki mbili zilizofuata Bund der Landwirte na Wakristo wa Kijamii walijiunga na SdP. Wasosholisti wa Kijerumani walitoka serikalini lakini wakakataa kujiunga. Vijijini duka lisilokuwa na bendera ya chama lilikosa wateja.

Tarehe 28 Machi Hitler alimpokea Henlein mjini Berlin. Agizo, kama Henlein mwenyewe alivyolieleza kwa kifupi na kukubaliwa, lilikuwa kudai kila mara kiasi ambacho serikali ya Wacheki haiwezi kukubali, chama kisije kikaridhishwa. Huo ndio mstari wa mpaka katika historia hii yote. Kabla yake yalikuwepo mazungumzo magumu na ya polepole baina ya pande mbili. Baada yake upande mmoja ulikuwa ukijadiliana ili yasifaulu.

Madai manane ya Karlovy Vary, tarehe 24 Aprili, yanapaswa kusomwa kwa jicho hilo. Sehemu kubwa ilikuwa mambo ambayo mwanasheria wa haki za wachache angeyatambua: usawa, uhuru wa kujitawala katika wilaya za Kijerumani, watumishi wa Kijerumani kwenye maeneo ya Kijerumani, fidia kwa yaliyotendwa tangu 1918. La nane lilidai uhuru kamili wa kukiri utaifa na "falsafa ya maisha" ya Kijerumani, yaani Unazi uruhusiwe kama itikadi rasmi ya eneo zima ndani ya jamhuri ya kidemokrasia. Aliyeyasoma akiwa Uingereza aliona madai saba na nusu ya kwanza, si nusu ile ya mwisho.

London ilimtuma Lord Runciman awe mpatanishi, aliyefika Prague tarehe 3 Agosti, na akawa anabana upande mmoja tu kwa sababu upande huo pekee ndio uliokuwa na kitu cha kutoa. Mwanzoni mwa Septemba Rais Beneš, mrithi wa Masaryk, alitoa mpango wake wa nne uliokubali karibu yote ya Karlovy Vary. Wajumbe wa SdP walikumbwa na hatari ambayo agizo la Machi halikuiona: kukubaliwa. Tarehe 7 Septemba, wabunge wao walipogongana na polisi wa farasi huko Ostrava, na mmoja wao kupigwa kiboko, waliitumia siku hiyohiyo kuvunja mazungumzo. Hotuba ya Hitler ya tarehe 12 ilifuatwa na machafuko mpakani, yaliyozimwa kwa sheria ya kijeshi ndani ya siku chache. Henlein alikimbilia Ujerumani, na tarehe 17 kikosi chake cha wanamgambo kikaanza kuvamia vituo vya forodha kutoka ng'ambo. Tarehe 30 Septemba makubaliano ya Munich, yaliyoipa Ujerumani maeneo hayo ya mpakani, yalisainiwa na nchi nne, Chekoslovakia ikiwa nje ya chumba.

SdP ilimezwa na chama cha Hitler. Wale washauri wa Henlein waliotaka nchi ya vikundi vya kitaaluma waliandamwa, baadhi wakafungwa. Maelfu ya Wasosholisti wa Kijerumani walikamatwa na wengi kupelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Wengine waliokimbilia ndani ya Chekoslovakia walirudishwa kwa treni na maofisa wa Prague waliokuwa hawataki wakimbizi wa lugha hiyo. Jaksch alifika London mwaka 1939. Ludwig Czech alipelekwa ghetto ya Theresienstadt akafa huko Agosti 1942. Vita vilipokwisha, karibu Wajerumani milioni tatu walifukuzwa nchini, kila mmoja na mzigo wa kilo chache. Waliothibitika kupinga Unazi walipangiwa treni zao maalumu mwaka 1946, na waliruhusiwa kuchukua samani.